Akaunti ya barua pepe imefungwa na namba ya zamani haipo hewani: naingiaje, na nazuiaje isijirudie?

karani_wa_zamu

Wakuu, naomba hatua za kufuata, pole tutapeana baadaye. Akaunti ya barua pepe haifunguki, na hali yenyewe ndiyo hii.

Nenosiri sina uhakika nalo. Kuna matatu yanayofanana, tofauti ni tarakimu za mwisho. Namba ya simu iliyosajiliwa ni ya laini ambayo haitumiki kwa sasa. Barua pepe ya akiba ipo. Uthibitishaji wa hatua mbili umewashwa, na misimbo inatoka kwenye programu iliyomo kwenye simu ya zamani ambayo kioo chake kimekufa. Kila nikijaribu sasa naambiwa nimejaribu mara nyingi mno, nirudi baadaye.

Hiyo "baadaye" ni lini? Kuna namba ya huduma kwa wateja? Nikitumia VPN (programu inayoficha mtandao unaotumia) au kompyuta nyingine, itanihesabia upya? Na nikishaingia, nipange vipi mambo ili nisifungiwe tena?

---

fundi_barua

Mkuu, kwanza acha kujaribu, na usirudi pale mpaka uwe na vitu vyote mkononi.

Kufuli ya "umejaribu mara nyingi mno" ni ya muda na hujifungua yenyewe. Imewekwa kumchosha anayebahatisha maneno ya siri, na kwa mfumo, wewe kwa sasa unafanana naye kabisa. Muda wake kamili hautangazwi; unaweza kuwa saa chache, unaweza kuwa siku kadhaa. Kila ukibahatisha ndani ya muda huo unajiongezea mashaka.

VPN na kompyuta ya kuazima vinakuumiza. Mfumo haupimi nenosiri peke yake: unaangalia kifaa gani, kivinjari gani, mtandao gani, na kama mchanganyiko huo umewahi kuonekana kwenye akaunti yako. Ukija kwa VPN unaonekana mgeni kutoka mahali pasipojulikana, kwenye mashine ambayo haijawahi kuingia. Kwa hiyo tumia kompyuta au simu uliyokuwa ukiingilia mara nyingi, kivinjari kile kile, na Wi-Fi ile ile ya nyumbani au kazini. Usifungue kwa hali fiche (incognito) na usifute vidakuzi (cookies, kumbukumbu ndogo ambazo tovuti huziacha kwenye kivinjari) kwanza, maana ndivyo vinavyokutambulisha. Ushauri wa "futa vidakuzi ujaribu tena" umezagaa kila mahali, na kwa tatizo hili ni sumu.

Kabla ya jaribio lijalo andika haya kwenye karatasi:

- maneno ya siri unayoyakumbuka, la karibuni juu, la zamani chini, kwa herufi kubwa na ndogo zilivyokuwa;
- takriban mwezi na mwaka akaunti ilipofunguliwa (tafuta barua ya kukukaribisha kwenye barua pepe ya akiba, au huduma ya kwanza uliyojisajili kwa anwani hiyo);
- barua pepe nyingine unayoweza kuifungua sasa hivi kupokea majibu.

Hiyo barua pepe ya akiba uliyosema "ipo", ingia uihakikishe kabla ya kuanza. Ikiwa nayo imelala, hiyo ndiyo kazi ya kwanza.

Kwa akaunti ya Google, mlango ni g.co/recover. Ukiulizwa nenosiri la mwisho unalolikumbuka, usiruke. Hata la zamani lina uzito, kwa sababu mfumo unalilinganisha na yale yaliyowahi kutumika. Ukiletewa njia usiyo nayo, bofya "Jaribu njia nyingine" mpaka ifike uliyo nayo. Msimbo ukitumwa kwa barua pepe, tazama na kwenye barua taka. Ukiomba msimbo mara mbili, tumia uliofika mwisho. Wengi hukwama hapo: wa kwanza unachelewa, wanaomba wa pili, kisha wanaingiza wa kwanza na kuambiwa wamekosea.

Wakati mwingine Google hujibu kwamba itakutumia kiungo baada ya saa au siku kadhaa. Usidhani umekataliwa. Inampa mwenye akaunti halisi nafasi ya kupinga kama anayeomba ni mwizi. Subiri, usianzishe ombi jipya juu ya lile.

---

laini_moja

Naongezea kwenye simu ya kioo kilichokufa, maana nadhani hapo ndipo pepesi kuliko kote na karani anapaona ni pagumu.

Programu ya misimbo haihitaji intaneti wala laini. Inachukua ufunguo uliohifadhiwa ndani ya simu, inauchanganya na saa, na inatoa tarakimu 6 mpya kila sekunde 30. Maana yake simu ikiwaka, misimbo ipo. Kinachokukosesha ni kuiona tu.

Kama picha inaonekana ila mguso umekufa, chukua adapta ya OTG (kiunganishi cha kuchomeka kifaa cha USB kwenye simu) na kipanya cha kawaida cha USB; kwenye simu nyingi za Android mshale unatokea na unabofya kama kwenye kompyuta. Kama ni giza kabisa, baadhi ya simu hutoa picha kupitia tundu la USB-C kwenda kwenye skrini ya nje. Si zote, hivyo angalia muundo wa simu kabla ya kununua waya. Ikishindikana, badilisha kioo. Mwambie fundi kwa maneno yaliyonyooka: usirudishe simu kwenye hali ya kiwandani. Ukifuta simu, ufunguo unaondoka nayo.

Angalia na saa. Simu iliyokaa imezimwa muda mrefu inaweza kuwaka na saa isiyo sahihi, na misimbo yote itakataliwa hata kama programu ni nzima. Weka tarehe na saa zijipange zenyewe kutoka kwenye mtandao, ndipo uingize msimbo.

Na ikiwa barua pepe bado iko wazi ndani ya simu hiyo, USITOKE kwenye akaunti. Kikao kilicho wazi ni mali. Unaweza kunakili barua za muhimu na anwani za watu, na arifa ya "Je, ni wewe unayejaribu kuingia?" inaweza kuja hapo hapo ukabonyeza Ndiyo.

Laini nayo: kama namba haijapewa mtu mwingine, kampuni ya simu inaweza kukutolea laini mpya yenye namba ile ile baada ya kuhakiki kitambulisho. Fanya hivyo mapema. Namba iliyokaa bila kutumika hurudishwa sokoni, na ikishauzwa, misimbo yako inaingia kwenye simu ya mtu usiyemjua.

---

meza_ya_msaada

Haya yote ni kama ujumbe unaousoma ndio huo kweli. Watu huandika "nimefungiwa" kumaanisha mambo ambayo dawa zake hazifanani.

"Umejaribu mara nyingi mno" ni kusubiri, kama alivyosema fundi. "Nenosiri si sahihi" bila onyo lolote ni kurejesha akaunti kwa njia ya kawaida. "Nenosiri lilibadilishwa" tarehe ambayo hukubadilisha wewe: umeibiwa, anza kurejesha leo leo, usisubiri. "Akaunti imezimwa" ni uamuzi wa kampuni kwamba masharti yamevunjwa. Hapo unajaza fomu ya rufaa, na kubadilisha nenosiri hakusaidii kitu. Na "akaunti haipo": kagua tahajia ya anwani kwanza, kisha ujiulize ni lini mara ya mwisho uliingia.

Kwa watakaosoma uzi huu wakiwa na Outlook au Hotmail: Microsoft wana fomu ya kurejesha akaunti kwenye account.live.com/acsr. Inauliza vichwa vya barua ulizotuma karibuni, anwani za watu uliowaandikia, majina ya folda ulizotengeneza mwenyewe, na maneno ya siri ya zamani. Vichwa vya barua viwe neno kwa neno. Wapigie watu wawili watatu mnaoandikiana, wakusomee walichopokea kutoka kwako. "Re: mkutano" na "mkutano wa Jumatatu" kwa mashine si kitu kimoja. Jibu kwa kawaida huja ndani ya saa 24, na unaruhusiwa kujaza mara mbili kwa siku.

Mtego wake huu hapa: kama uthibitishaji wa hatua mbili umewashwa, fomu hiyo haitumiki. Unabaki na njia mbili za uthibitisho ulizosajili, au ule msimbo wa kurejesha akaunti wenye herufi na tarakimu 25 ambao Microsoft hukuruhusu kuuchapisha mapema. Wengi hawajui upo mpaka siku wanapouhitaji. Tena, ukiondoa taarifa zote za usalama na kuweka mpya kwa mpigo, kuna kusubiri siku 30 kabla hazijaanza kazi. Ukiona siku 30, hakuna wa kumbembeleza; ziache zipite, na usifute ombi katikati ukaanza upya.

---

karani_wa_zamu

Asanteni sana wakuu, kioo nakipeleka. Swali la haraka: kuna mtu amenifuata kwenye ujumbe wa faragha, anasema ana "mtu wa ndani" anayefungua akaunti, nilipe nusu kwanza. Anataka anwani yangu na namba ya simu tu, nenosiri hataki. Hilo si salama kidogo?

---

msimamizi

Si salama hata kidogo. Nitumie jina lake nimwondoe.

Hahitaji nenosiri. Anaweka anwani yako kwenye ukurasa wa kurejesha akaunti, msimbo unakuja kwako, kisha anakuambia "nitajie namba iliyoingia ili nithibitishe". Ukimtajia, akaunti ni yake kwa dakika ile ile, na nusu ya pili ya malipo utadaiwa kama fidia. Msimbo huo hausomewi mtu, hata anayejitambulisha kuwa ni kampuni yenyewe.

Uliuliza pia namba ya kupiga. Kwa akaunti za bure za kampuni kubwa, usitegemee mtu wa simu atakayekufungulia. Kurejesha kunapita kwenye kurasa zao wenyewe. Namba za "huduma kwa wateja" zinazoibuka juu kabisa ukitafuta mtandaoni, nyingi ni matangazo ya matapeli hawa hawa. Isipokuwa anwani yako ni ya kazini au chuoni: hapo ana uwezo wa kukufungulia msimamizi wa mifumo wa taasisi, na mara nyingi ni kazi ya dakika chache. Wafanyakazi kibao hujaza fomu za Google wiki nzima wakati dawa iko ofisi ya tatu kutoka kwao.

---

fundi_barua

Sasa sehemu ya pili ya swali.

Anayefungiwa nje moja kwa moja, aghalabu hakukosa njia za akiba. Alikuwa nazo, ila zote zilipita mlango mmoja. Chukua mfano: akaunti A inarejeshwa kupitia B, na B kupitia A. Misimbo ya zote iko kwenye simu moja, na laini inayopokea ujumbe iko kwenye simu hiyo hiyo. Kwenye mipangilio unaona alama nne za kijani na moyo unatulia. Simu ikiibiwa, zote nne zimekwenda.

Jiulize hivi: simu hii ikipotea usiku huu, nitaingiaje kesho kwa vitu vilivyobaki? Kama jibu linaanza na "nitafungua barua pepe…", rudi mwanzo.

Kinachofaa kuwepo, kwa mpangilio wa umuhimu ninaouona mimi:

Misimbo ya akiba kwenye karatasi. Google wanatoa 10, kila mmoja una tarakimu 8 na unatumika mara moja tu. Ukitengeneza seti mpya, ya zamani inakufa, basi chana karatasi ya zamani usije ukajichanganya. Karatasi ikae na hati zako za muhimu, isikae ndani ya mkoba wa simu. Na usijitumie kwa barua pepe ile ile, wala kupiga picha inayohifadhiwa kwenye akaunti ile ile. Huko ni kufungia ufunguo ndani ya nyumba.

Programu ya misimbo kwenye vifaa viwili. Wakati wa kuiwasha unaonyeshwa picha ya QR. Kabla ya kubofya "Endelea", ichanganue kwa simu zote mbili, ya kwako na ya akiba. Zitatoa tarakimu zile zile. Baada ya ukurasa kufungwa, kwa kawaida picha hiyo huioni tena. Itabidi uiondoe programu kwenye akaunti na kuisajili upya. Kuhusu kuhifadhi misimbo mtandaoni: Google Authenticator imeweza kufanya hivyo tangu 2023, na ni nzuri kwa akaunti nyingine zote, lakini kwa akaunti ya Google yenyewe ni mduara ule ule niliousema.

Barua pepe ya akiba iliyo hai. Iwe kwa kampuni nyingine, yenye nenosiri lake, na uifungue mara kwa mara. Google na Microsoft wote wana kanuni ya miaka 2: akaunti isiyoguswa kwa muda huo inaweza kufutwa. Yahoo wanahesabu miezi 12 tu kwa kisanduku cha barua. Akaunti ya akiba ndiyo huwa haiguswi, kwa hiyo ndiyo hufa kwanza, kimyakimya.

Namba ya simu. Ninaiweka chini makusudi. Inafaa kurejesha akaunti, lakini laini inaibika: tapeli akiwadanganya kampuni ya simu wampe laini yenye namba yako, ujumbe wote unakwenda kwake. Ukibadili namba, badilisha kwenye akaunti KABLA ya kuitupa laini ya zamani. Google wanaweza kuendelea kutoa nafasi ya kutuma msimbo kwenye namba ya zamani kwa siku 7 baada ya mabadiliko, hivyo usiivunje laini siku ile ile.

Ufunguo wa usalama wa USB (kifaa kidogo unachokichomeka kuthibitisha ni wewe) ni mzuri kuliko vyote hivi dhidi ya wizi, mradi unanunua viwili na kusajili vyote. Mwenye kimoja amejiandalia kufungiwa.

Na tangu 2025 Google wanaruhusu kuchagua watu unaowaamini wakusaidie kuthibitisha kuwa ni wewe unayerejesha akaunti. Hawaoni barua zako. Chagua mtu anayepokea simu.

Nenosiri lenyewe: moja refu, lisilotumika kwingine, ndani ya programu ya kutunza maneno ya siri. Haya matatu yanayopishana tarakimu za mwisho ndiyo yanayozaa kufuli kama hii.

---

laini_moja

Hapo kwenye nenosiri, naomba tuseme wazi kwamba kulibadilisha kila miezi mitatu bila sababu hakuna faida. NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, iliacha kupendekeza hivyo kwenye mwongozo wake wa 2017, kwa sababu watu huishia kuongeza tarakimu mwishoni. Badilisha ukiwa na dalili kwamba limevuja.

---

meza_ya_msaada

Karani, ukishaingia usikimbilie kusoma barua. Fuata mpangilio huu, maana ukigeuza unaweza kujifungia tena.

Anza na nenosiri jipya. Kisha fungua orodha ya vifaa vilivyoingia na utoe usivyovitambua. Kisha namba na barua pepe za kurejesha: hakikisha hakuna aliyeongeza yake. Hapo ndipo utengeneze misimbo mipya ya akiba. Mwisho kabisa uondoe programu ya misimbo ya simu ya zamani, baada ya ile mpya kujaribiwa na kukubali. Watu hufuta ya zamani kwanza, mpya inagoma, basi wamejifungia.

Na kama kuna chembe ya wasiwasi kwamba mtu aliingia, nenda kwenye mipangilio ya barua uangalie vitu viwili ambavyo kubadilisha nenosiri hakuviondoi: usambazaji wa barua kwenda anwani nyingine, na vichujio. Kichujio cha mwizi mara nyingi kinaonekana hivi: barua yoyote yenye neno "benki" au "nenosiri", iwekwe alama ya kusomwa na ipelekwe kwenye tupio. Wewe huioni, yeye anapata nakala. Pitia pia programu za nje zilizopewa ruhusa na akaunti yako. Na kompyuta ichunguzwe virusi kabla ya kuandika nenosiri jipya juu yake, la sivyo umempelekea jipya.

---

karani_wa_zamu

Kioo kimewekwa, saa ya simu ilikuwa nyuma, nimeirekebisha na msimbo umekubali kwa nenosiri la pili kati ya yale matatu. Misimbo ya akiba nimechapisha.

Limebaki moja. Kwenye kivinjari naingia vizuri, lakini programu ya barua kwenye kompyuta inasema nenosiri si sahihi, na kuna tableti ya zamani nayo inaomba nenosiri kila dakika.

---

fundi_barua

Tableti kwanza. Ina nenosiri la zamani na inajaribu kuingia yenyewe kila inapotafuta barua mpya. Yale ni majaribio yaliyokosewa kwa jina lako, na kuna huduma zinazokufungia kwa hayo tu. Ondoa akaunti kwenye tableti au uweke nenosiri jipya leo. Tafuta na vifaa vingine vya aina hiyo: simu iliyo kwenye droo yenye Wi-Fi, printa inayotuma nakala kwa barua pepe.

Programu ya kompyuta, yaelekea ni ya zamani. Huduma kubwa zimeacha kupokea nenosiri tupu kupitia IMAP na POP (njia ambazo programu za barua hutumia kuchukua barua), Outlook.com walifunga njia hiyo Septemba 2024. Ujumbe unasema nenosiri si sahihi hata uliandike sawasawa, na mtu anakwenda kulibadilisha bure. Sasisha programu, ondoa akaunti na uiongeze upya. Ukiona dirisha la kuingia la kampuni yenyewe linafunguka na kukuomba msimbo, ndivyo inavyotakiwa. Kwa Gmail, kama programu haina dirisha hilo, tengeneza nenosiri la programu lenye herufi 16 kwenye mipangilio ya usalama (linapatikana tu ukiwa na hatua mbili), libandike mahali pa nenosiri la kawaida, bila nafasi katikati. Ukibadilisha nenosiri kuu siku nyingine, hilo la herufi 16 litafutwa na itabidi utengeneze jingine.